Barua ya wazi: Data ya afya ya Wakenya ipatikane na ifundishwe hapa Nairobi

Kwa Mkurugenzi Mkuu, Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS), Real Towers, Upper Hill;
Kwa Waziri wa Afya, Afya House;
Kwa manaibu chansela wa vyuo vikuu vinavyofundisha afya ya umma na takwimu.

Waheshimiwa,

Pokeeni salamu zangu. Mimi ni mkufunzi wa takwimu za afya hapa Nairobi. Kazi yangu kubwa ni kuwasaidia wanafunzi wa uzamili na maafisa wa afya wa kaunti kuanza utafiti kwa kutumia data ambayo tayari imekusanywa, hasa ile ya Utafiti wa Demografia na Afya, ambao wote tunauita KDHS. Nawaandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe ni la umma. Data hii ilitolewa na Wakenya wakiwa nyumbani kwao, na bado Mkenya anayetaka kuitumia kwa faida ya nchi anaipata kwa taabu, na akishaipata anaachwa peke yake nayo.

Kwanza nitoe shukrani zinazostahili. Tangu 1989 nchi hii imefanya tafiti saba za aina hii: 1989, 1993, 1998, 2003, 2008-09, 2014 na 2022. Ule wa 2003 ndio uliokuwa wa kwanza kufika nchi nzima, pamoja na Kaskazini Mashariki ambako tafiti za awali hazikukanyaga. Ni kwa ajili ya mfululizo huu tunaweza kusema kwa uhakika kwamba mwanamke wa Kenya alikadiriwa kuzaa watoto 6.7 kwa wastani mwaka 1989, na 3.4 mwaka 2022. Ni kwa ajili yake tunajua kwamba vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilishuka kutoka 52 kwa kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai mwaka 2014 hadi 41 mwaka 2022. Kwamba udumavu, yaani watoto kuwa wafupi kuliko umri wao, ulishuka kutoka asilimia 26 hadi 18 katika kipindi hicho hicho. Na kwamba wakati taifa likiwa na hiyo 18, Kilifi ilikuwa bado na 37.

Mwaka 2022 wahojaji wenu walipelekwa katika maeneo 1,692 ya kuhesabia watu, kaya 25 zikachaguliwa katika kila eneo, na mwishowe wakahoji wanawake zaidi ya 32,000 na wanaume zaidi ya 14,000. Kuna mama aliyeacha nguo kwenye karai akaketi na mgeni asiyemjua, akamtajia watoto wote aliowazaa, walio hai na waliofariki, mmoja baada ya mwingine, na mwezi aliozaliwa kila mmoja. Kuna aliyeulizwa kama mumewe humpiga, akajibu. Watu hawa hawakulipwa. Waliambiwa kwamba majibu yao yatasaidia kuboresha huduma za afya, na wakaamini.

Ripoti iliyotoka ni nzuri, lakini ripoti hujibu maswali ya walioiandika. Afisa wa lishe wa kaunti ana maswali yake. Anataka kujua kama watoto waliodumaa kwake ni wa akina mama waliozaa wakiwa bado wasichana, au ni wa nyumba zinazochota maji mbali, au yote mawili yanakwenda pamoja. Jibu la swali kama hilo haliko kwenye jedwali lililochapishwa. Limo ndani ya faili za data, na faili hizo ndizo ninazoziombea njia.

Kwa miaka mingi njia hiyo imepitia Marekani. Mwanafunzi alijisajili katika tovuti ya The DHS Program, programu iliyogharamiwa na USAID, shirika la misaada la Marekani, na kuendeshwa na kampuni ya ICF kutoka Rockville, Maryland. Alieleza utafiti wake kwa maneno machache, akachagua Kenya, akasubiri kidogo, akaruhusiwa kupakua bila malipo. Nitakuwa mkosa fadhila nisiposema kwamba mpango huo ulikuwa mzuri. Umehudumia nchi zaidi ya 90 tangu 1984, na wengi wetu tuliojifunza kazi hii tulijifunzia hapo.

Kisha ukafika Februari 2025. Serikali ya Marekani ilikuwa imesimamisha misaada yake ya nje, na programu hiyo ikasimama nayo. Tovuti ikabandikwa tangazo kwamba shughuli zimesitishwa na maombi ya data hayawezi kujibiwa. Nilikuwa na mwanafunzi, muuguzi anayesoma jioni baada ya zamu, ambaye pendekezo lake la utafiti lilikuwa limekwisha kupita na kilichobaki ni kupewa faili. Mada yake ilikuwa kliniki za wajawazito: kwa nini wengine huanza kwenda mimba ikiwa imeshakuwa kubwa. Msimamizi wake hakuwa na la kufanya ila kumshauri abadilishe mada. Hebu fikirini. Mwanamke wa Kenya alihojiwa Kenya, na mhojaji Mkenya, chini ya sheria ya Kenya, na muuguzi Mkenya akakosa kuona majibu kwa sababu bajeti ilikatwa Washington.

Baadaye wafadhili wengine, Gates Foundation miongoni mwao, walijitokeza na fedha za muda, na sehemu ya kazi ikaanza kurudi. Nafurahi kwa hilo. Lakini fedha za muda ni za muda. Hatuwezi tena kusema hatukujua kwamba mlango huo unaweza kufungwa na mtu asiyetujua.

KNBS ina hifadhi yake ya data mtandaoni, na waliojenga hifadhi ile walifanya kazi ya maana. Ombi langu la kwanza ni kwamba faili za tafiti zote saba za KDHS ziwekwe humo zikiwa kamili: ya kaya, ya watu wa kaya, ya wanawake, ya wanaume, ya vizazi, ya watoto na ya wanandoa, pamoja na hojaji zake, mwongozo wa vigeu (yaani safu za data na maana zake) na maelezo ya sampuli. Seva iwe yetu, na ombi likijazwa lisomwe na afisa aliye hapa mjini, anayeweza kupigiwa simu. Na maombi yapokelewe kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, kama Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inavyoruhusu kwa ofisi zote za umma. Sheria hiyo hiyo inataka mwombaji apewe uamuzi katika siku 21. Ibara ya 35 ya Katiba ndiyo msingi wake, kwa hiyo hapa siombi upendeleo.

Sasa niingie kwenye jambo linalonikera zaidi kuliko mlango wenyewe. Data kupatikana ni nusu ya safari. Nusu ya pili ni kuianza, na hapo ndipo vijana wetu wengi huumia bila mtu wa kuwashika mkono.

Mwanafunzi anafungua faili ya wanawake kwa mara ya kwanza. Anakuta maelfu ya safu zenye majina kama v005, v008, v024. Anatafuta tarehe ya mahojiano, anakuta 1466. Hakuna mwaka unaoitwa 1466 katika utafiti huu. Hiyo ni hesabu ya miezi tangu Januari 1900, na 1466 maana yake ni Februari 2022. Mtoto aliyeandikwa 1434 alizaliwa Juni 2019. Ukitoa namba moja kwa nyingine unapata umri wa mtoto kwa miezi, 32, na ndiyo sababu tarehe ziliwekwa hivyo. Ukielezwa, unaelewa kwa dakika moja. Usipoelezwa, unaweza kuhangaika juma zima ukidhani kompyuta imeharibika.

Uzani ni balaa kubwa zaidi. Kila mwanamke kwenye faili ana namba yake katika safu ya v005, tuseme 1203456. Namba hiyo inapaswa kugawanywa kwa milioni moja ili iwe 1.203456, kisha itumike katika kila hesabu. Kwa nini? Kwa sababu kaunti zenye watu wachache nazo zilipewa sampuli ya kutosha ili takwimu zake zisimame zenyewe. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 143,920 Lamu na 4,397,073 Nairobi, yaani Nairobi ni zaidi ya mara thelathini ya Lamu, lakini maeneo yaliyochaguliwa hayakutofautiana hata karibu na kiasi hicho. Ukijumlisha majibu hivi hivi bila uzani, umeipa Lamu sauti ambayo haina na umeinyang'anya Nairobi yake. Wastani wa taifa utakaoupata hautakuwa wa taifa lolote. Nimesoma tasnifu zilizopitishwa ambamo neno uzani halimo hata mara moja, wala hakuna mahali palipotajwa matabaka 92 ya sampuli, yaani kaunti 47 zilizogawanywa mjini na mashambani, isipokuwa Nairobi na Mombasa ambazo ni za mjini tu. Siwalaumu wanafunzi. Aliyewasimamia naye hakufundishwa.

Yapo mengine. Nusu ya kaya ziliulizwa hojaji ndefu na nusu nyingine hojaji fupi, kwa hiyo katika vigeu vingi utakuta wanawake chungu nzima hawana jibu. Mgeni wa data hudhani majibu yamepotea, kumbe hawakuulizwa. Maswali ya ukatili wa nyumbani aliulizwa mwanamke mmoja tu katika kaya, faraghani, na yana uzani wake wa pekee, d005. Na anayetaka kulinganisha 2014 na 2022 ajue kwamba v024 ya 2014 ni mikoa minane ya zamani, na ya 2022 ni kaunti 47. Jina la safu ni lile lile, maana imebadilika. Kompyuta haitamwonya.

Mambo haya yote yameandikwa mahali fulani, tena vizuri, katika vitabu vya mwongozo vya The DHS Program. Lakini yameandikwa kwa wasomaji wa dunia nzima, kwa Kiingereza cha kitaalamu, bila neno juu ya Lamu wala Nairobi. Naomba KNBS itoe mwongozo mfupi wa Kenya, kurasa thelathini zinatosha, kwa Kiswahili na Kiingereza, ukitumia mifano ya kaunti zetu. Uambatane na faili ya mazoezi, yaani faili yenye umbo la KDHS lakini majibu yake si ya mtu yeyote, ili mwanafunzi wa mwaka wa pili aweze kuijaribu bila kuomba ruhusa. Hata jedwali moja la ripoti, tuseme lile la matumizi ya uzazi wa mpango, likielezwa hatua kwa hatua mpaka msomaji apate namba ile ile iliyochapishwa, asilimia 57 ya wanawake walioolewa wanaotumia njia za kisasa, litafundisha zaidi ya mihadhara mingi. Namba yako ikilingana na iliyochapishwa, unajua umeshika njia. Isipolingana, unarudi kutafuta ulipopotea. Mimi huwaanzisha wote hapo, na sijaona njia bora kuliko hiyo.

Na programu ya kufanyia kazi iwe R, ambayo ni bure. Leseni ya Stata, programu nyingine ya takwimu, si bei ya mwanafunzi wa Kenya anayejilipia karo. Vyuo vinavyoendelea kufundisha kwa programu ambayo mhitimu hataweza kuinunua vinamfundisha ujuzi unaoishia siku ya mahafali.

Waheshimiwa, niruhusuni nikae kidogo juu ya mji huu wetu, kwa sababu Nairobi ndipo data hii inapoficha zaidi kuliko inavyoonyesha.

KDHS hugawa kaya zote nchini katika makundi matano ya utajiri, v190, kwa kuangalia vitu vya nyumbani: umeme, maji, choo, sakafu, televisheni, simu. Kipimo hiki hulinganisha nchi nzima. Matokeo yake, kaya za Nairobi karibu zote huangukia makundi ya juu. Mama anayeishi Mathare katika chumba kimoja cha mabati, mwenye balbu na televisheni ndogo na sakafu ya saruji, akipangwa na mama wa Turkana Kaskazini, anahesabiwa miongoni mwa wenye nacho. Hesabu haijakosea. Lakini mwanafunzi akiuliza kama umaskini huzuia chanjo hapa Nairobi, atajibiwa kwamba Nairobi haina maskini wa kutosha kufanyia hesabu. Kipo kipimo cha pili, v190a, kinacholinganisha watu wa mjini na wa mjini wenzao, na kinasaidia kiasi. Wangapi wameambiwa kuwa kipo?

Hata hicho hakikuonyeshi mtaa wa mabanda. Katika faili, Nairobi ni mji tu. Muthaiga ya matajiri na Mathare ya mabanda zina alama moja. Ukisema utumie ramani, utakuta nukta za maeneo zimesogezwa makusudi ili kulinda siri za waliohojiwa: hadi kilomita mbili mjini, hadi tano mashambani, na chache za mashambani hadi kumi. Sipingi hilo. Mtu aliyetueleza mambo ya ndani ya nyumba yake hapaswi kutafutika. Lakini kutoka Mathare kuvuka Barabara ya Thika hadi Muthaiga ni mwendo mfupi kuliko kilomita mbili. Kibra imepakana na uwanja wa gofu. Mukuru imebanana na Imara Daima. Nukta ikisogezwa Nairobi, inavuka tabaka zima la maisha.

Tunajua kilicho ndani ya wastani huo kwa sababu kuna waliowahi kwenda kuangalia. Mwaka 2000 APHRC, kituo cha utafiti wa afya na idadi ya watu kilicho hapa Nairobi, kilifanya utafiti wa mitaa ya mabanda ya Nairobi kwa mtindo wa KDHS, kikakuta vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vikiwa takriban 151 kwa kila 1,000, wakati KDHS ya 1998 ilikuwa imeonyesha takriban 112 kwa nchi nzima. Watoto wa mabanda, walio karibu na hospitali kubwa kuliko zote nchini, walikuwa wakifa kuliko wastani wa taifa, na takwimu ya jumla ya Nairobi ilikuwa inang'aa. Utafiti kama huo ulirudiwa mwaka 2012, na Korogocho na Viwandani zimefuatiliwa na kituo hicho hicho tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kazi hiyo ni ya thamani sana, lakini haifai kuwa ndiyo njia pekee ya taifa kujua watoto wa mabanda wanaishije.

Kwa hiyo ombi langu la pili ni kigeu kimoja tu. Katika KDHS ijayo, kila eneo la mjini liandikwe kama ni makazi rasmi au yasiyo rasmi, na alama hiyo itolewe kwenye faili ya umma bila nukta za ramani. Mji wenye mitaa mingi ya mabanda kama huu hauwezi kumfichua mtu kwa alama pana hivyo. Na kwa maswali yanayohitaji undani zaidi, tengeni chumba pale Upper Hill chenye kompyuta zisizounganishwa na intaneti, mtafiti aingie, afanye hesabu yake kwenye faili kamili, na kinachotoka kiwe ni majedwali yaliyokaguliwa na afisa wenu. Ofisi za takwimu za nchi nyingine zina vyumba kama hivyo. Sheria ya Takwimu ya 2006 inalinda siri ya anayehojiwa, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inatambua matumizi ya utafiti na takwimu. Chumba cha namna hiyo kinaweza kutii zote mbili.

Kwa vyuo nina neno moja la uchungu. Kamati moja ya maadili, ambayo sitaitaja, ilimtaka mwanafunzi niliyekuwa nikimsaidia apeleke fomu za ridhaa za washiriki. Alikuwa anatumia data ya KDHS isiyo na majina. Washiriki walihojiwa miaka mingi kabla, ridhaa ilichukuliwa na wahojaji, na maadili ya utafiti mzima yalishapitishwa kabla ya hojaji ya kwanza kujazwa. Fomu hizo hawezi kuzipata, wala hapaswi kuzipata. Alieleza, akaandikiwa tena barua ile ile, muhula ukaisha. Tafadhalini, wekeni utaratibu mmoja, mfupi na wa bei nafuu, kwa utafiti wa data isiyo na utambulisho: fomu ya ukurasa mmoja, barua ya ruhusa ya matumizi ya data, na jibu la haraka. Usimamizi mkali uwekwe panapohitajika, yaani kwa wanaokwenda kumchoma mtu sindano au kumuuliza maswali mapya.

Na wasimamizi wafundishwe. Mwalimu ambaye hajawahi kuifungua faili ya KDHS hawezi kumwongoza anayeifungua. KNBS mna wataalamu waliochora sampuli hizi kwa mikono yao. Waazimeni kwa vyuo kwa wiki moja kila mwaka, na wakae na wahadhiri, siyo wanafunzi peke yao.

KDHS si data pekee ya afya tuliyo nayo. Kuna utafiti wa magonjwa yasiyoambukiza wa 2015, ule wa Ukimwi wa 2018, ule wa malaria wa 2020. Kila mmoja una mlango wake, na mwanafunzi anayetaka kujua shinikizo la damu na anayetaka kujua malaria huelekezwa sehemu mbili tofauti, wakati mwingine mabara mawili tofauti. Wizara inaweza kuagiza orodha moja, mahali pamoja, inayosema kilichopo na namna ya kukiomba. Hilo halihitaji fedha nyingi, linahitaji barua ya Waziri.

La mwisho ndilo la haraka. Tafiti za hivi karibuni zimepishana kwa miaka mitano hadi minane, na ule uliopita ni wa 2022. Tangu wakati huo bima ya afya ya taifa, NHIF, imeondoka na SHA imechukua nafasi yake, Oktoba 2024. Kila mtu mjini hapa ana maoni juu ya SHA, kuanzia kwenye matatu hadi bungeni. Nani amelipiwa kujifungua, nani amelipa mfukoni, nani amerudishwa nyumbani: hayo hayawezi kujulikana kwa uhakika bila kwenda tena mlango kwa mlango, kwa sampuli iliyochaguliwa vizuri, tukiwa na 2022 ya kulinganisha nayo. Kwa miaka yote KDHS imesimama kwa kiasi kikubwa juu ya fedha za wafadhili. Naomba Wizara ya Afya na KNBS mpeleke bungeni ombi la fedha za utafiti ujao kama kifungu cha bajeti ya Kenya, kikisomeka kwa jina lake, na humo humo iwemo gharama ya kuandaa faili, kuandika mwongozo na kumlipa afisa wa kuhudumia watafiti. Tukiacha gharama hiyo nje, tutakusanya data tena na kuwaachia wengine waitunze.

Suala la alama ya makazi yasiyo rasmi lazima liamuliwe kabla sampuli haijachorwa. Baada ya hapo litakuwa limepita kwa miaka mingine mingi. Ndiyo maana naomba KNBS iitishe kikao mapema, pale Real Towers, kiwe na wahadhiri wa takwimu, maafisa wa afya wa kaunti, watafiti wa APHRC na wa KEMRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa tiba, na wawakilishi wa wakazi wa Mathare, Kibra, Mukuru na Korogocho. Sisi walimu tutakuja, na tutakuja na rasimu ya mwongozo ambayo tumekuwa tukiitumia madarasani, iwe ya KNBS kuirekebisha inavyoona vyema. Tunachohitaji kutoka kwenu ni tarehe, na jina la afisa atakayeipokea.

Wenu katika kazi,

Mkufunzi wa takwimu za afya,
Nairobi